Pumzi ya Darini

Askari alikwisha kuupita mgomba wa mwisho Paskali alipoivuta miguu yake darini. Efrazia, mkewe, aliitoa ngazi kwa mlango wa uani, akarudi kuinamia chungu cha maharage kama mtu ambaye hajainuka tangu asubuhi.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikuwa kijana. Kaki yake imelowa mvua, kichwani hana kofia, na alikuwa akihema. Hakukalia kigoda alichopewa. Alikwenda kuchuchumaa nyuma ya mlango.

"Niache nipumue kidogo," alisema. "Milima yenu hii!"

Pumua uende zako, Efrazia aliwaza. Lukozi nzima hulitumia neno hilo hivyo: mtu hutua mzigo wa kuni, akapumua, akaendelea na safari. Nyumbani kwake tu ndiko lilikobeba uzito wake wote. Paskali alikuwa na pumu. Siku za ukungu Efrazia humkalisha kitako, akamsugua mgongo, akimwambia pumua, baba, pumua, na kila pumzi iliyokuja aliishukuru peke yake. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamriwa na serikali kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko shamba zima. Hakuchimba. Sasa alikuwa akitafutwa afungwe, na kwa kifua kile kifungo kilikuwa kaburi.

"Nasikia baridi," askari alisema, akasokomeza kuni mbichi motoni. Moshi ukapanda, mzito, moja kwa moja darini.

Punde Efrazia aliisikia: filimbi nyembamba ya kifua kinachobanwa.

"Nini hicho?"

"Paka."

Akakivuta kinu, akaanza kutwanga kwa nguvu. Askari alinyoosha shingo, akachungulia ndani.

"Mbona kitupu? Unatwanga nini?"

"Natwanga njaa, mwanangu. Mwaka huu ni nyingi."

Hakucheka. Macho yake yalikuwa juu.

"Darini mnaweka nini?"

"Mahindi."

"Yamejaa?"

"Yamejaa."

"Hata mtu hapenyi?"

Mchi nusura umponyoke. "Mtu akafanye nini huko? Akakauke na mahindi?"

"Nauliza tu. Na ule mlango wa uani, unatokea wapi?"

"Mtoni."

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Amekwenda Magoma, kwa dada yake. Leo harudi."

"Afadhali," alisema askari, akausukuma mlango ukafungika.

Afadhali! Basi hataki shahidi, Efrazia alijiambia. Akatwanga hadi mikono ikamwasha, huku akisikiliza katikati ya mapigo. Filimbi. Pigo. Filimbi. Kisha pigo tupu.

Aliuacha mchi. Juu kulikuwa kimya, na kimya kile alikijua. Filimbi ilikuwa mateso, lakini ilikuwa uhai. Moshi ulizidi kupanda, umezificha hata boriti. Miaka yote alikuwa akimwambia pumua, na leo alikuwa amekaa chini yake na kumfukizia moshi kama nyuki.

Akakata shauri. Mfungwa anayepumua bado ni mume wa mtu.

"Mwanangu," alianza. "Huko darini..."

Lakini askari alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele yake, ameishika kanga yake kwa mikono miwili.

"Mama, usinifukuze. Wananifuata. Leo asubuhi nimeamriwa nimfunge pingu baba yangu mzazi, kwa matuta hayahaya. Nimetoroka. Nifiche darini, hata juu ya mahindi."

Kikohozi kilipasuka juu ya vichwa vyao. Askari akaruka nyuma, akaugonga mlango. Halafu sauti ya Paskali ikashuka katika moshi, vipande vipande.

"Mpandishe, Efrazia... Lakini kwanza... zima moto."