Cherehani ya Bibi

Redioni, DJ maarufu aliulizwa alikoutoa ule mdundo unaochechemea kwenye wimbo wake mpya.

"Nilirekodi treni," akajibu.

Bibi akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Treni gani hiyo, yenye mkanda uliolegea kama huu wangu?"

Mjukuu, aliyeutengeneza wimbo mzima kwa ahadi kwamba atatajwa, aliendelea kuuzungusha uzi kidoleni, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Hata hasira haikuja.

Simu ikalia. DJ alikuwa ameandika: "Dada, nifanyie mwingine kama ule. Fasta."

Bibi aliusoma ujumbe, akamfungua uzi taratibu, akakisugua kidole kile mpaka damu ikarudi.

"Mwambie akapande treni, mjukuu wangu."

Mjukuu akaichukua simu, akaandika: "Kapande treni."