Picha Haifunguki

Programu ilijifunga mara ya saba. Skrini ikapepesa, ikawa nyeusi, kisha yakarudi maneno yaleyale: imetokea hitilafu.

"Tena?" daktari aliuliza.

"Tena," fundi alijibu. "Ikifika kwenye kuchora picha tu, inazimia."

Daktari alisimama nyuma ya kiti cha fundi. Miaka ishirini alikuwa akipasua vichwa vya watu, na leo kisanduku cha plastiki kimemshinda. Picha ya kichwa cha mgonjwa ilikuwa humo ndani, imepigwa saa nzima iliyopita. Kwamba damu inavuja, alilijua kwa dalili. Imejikusanya wapi hasa, hakujua, na kupasua bila kuona ni kumchimbia mtu kaburi kwa kisu. Hospitali nyingine yenye mashine ilikuwa mwendo wa saa sita. Mgonjwa hakuwa nazo.

"Shida ni nini?"

"Draiva ya video. Ndiyo inayoielekeza kompyuta ichore vipi. Jana kompyuta ilijiwekea mpya, haikumuuliza mtu. Programu yenu ni ya kale. Hao wawili hawapikiki chungu kimoja."

"Basi itoe hiyo mpya!"

"Daktari, mimi nimewahi kukufundisha kushika kisu?"

Muuguzi, mama wa makamo, alicheka kidogo, kisha akajizuia.

Fundi aliandika neno la siri. Likakataliwa. Akaandika tena. Likakataliwa. Neno lenyewe alilitunga yeye, na alilitumia kila wiki. Daktari aliuma meno. Alitamani kumsukuma kando, lakini akimsukuma, aguse nini? Hospitali nzima fundi wa kompyuta alikuwa huyo mmoja.

"Taratibu, mwanangu," muuguzi alisema.

Mara ya tatu likakubali. Fundi akaitoa draiva mpya, akachomeka flashi yenye ile ya zamani. Alifanya kazi kwa mkono mmoja, kidole kimoja kimoja, kama kuku anayedonoa.

"Mama, nisomee namba hiyo. Herufi za leo zinacheza ngoma."

Muuguzi akasoma. Daktari alimtazama muuguzi, naye muuguzi akainamisha macho sakafuni.

"Tuna muda gani?" fundi aliuliza bila kugeuka.

"Nusu saa. Labda."

"Basi mgonjwa wako apunguze papara. Kompyuta ukiiharakisha, hununa."

Kompyuta ikazimika, ikawaka. Programu ikafunguka. Mstari wa kusubiri ukasogea, ukagota palepale ilipokuwa ikizimia. Daktari alijikuta ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, kama mtu anayesukuma gari lililokwama.

Mstari ukasogea tena.

Picha ikajaa skrini: fuvu, ubongo, na upande wa kulia doa jeupe la damu, nene, lililousukuma ubongo wote pembeni.

"Naiona," daktari alisema. "Naweza kuifikia."

Fundi aliitazama picha kwa muda. Kisha akamnyooshea muuguzi mkono wake ili amvue pete.

"Mpe mke wangu, yuko hapo nje. Mwambie mashine imepona."

Muuguzi akasogeza kitanda cha magurudumu, daktari akamshika fundi kwapani, wakampandisha, wakamsukuma kuelekea chumba cha upasuaji.