Sikio la Mbuzi

Tai saba walikuwa wamelala chali kando ya mzoga wa mbuzi, kucha zimekunjwa, na mzoga wenyewe ulinuka dawa ya kuua wadudu.

Jana tu niliwahesabu wakiwa hai juu ya migunga. Kila Februari hukusanyika hapa nje ya Garissa kabla ya kurudi kwao kaskazini, nami huwaandika kwenye daftari.

"Ni wale wa ng'ambo ya lambo!" nilimfokea kaka yangu Shuaib, kana kwamba yeye ni mmoja wao. "Wanatega fisi kwa sumu, kisha kila kiumbe kinakufa. Wallahi, aliyefanya hivi nampeleka kwa chifu leo hii!"

"Abaayo, dada yangu, twende," alisema. "Ngamia wanangoja maji."

"Siendi bila ushahidi."

Hapa kila boma hukata masikio ya mbuzi wake kwa namna yake, ili akipotea ajulikane ni wa nani. Nilipiga magoti nikakigeuza kichwa cha yule mbuzi.

Sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili, mmoja umekwenda upande. Siku niliyomtia alama, mbuzi huyu alirusha teke, kisu changu kikateleza. Aliyekuwa amemshika ni Shuaib.

"Fisi ametumalizia mbuzi tisa," alisema, akitazama mchanga.

Tai mmoja alikuwa bado anafumba na kufumbua jicho.

Nilisimama, nikamnyang'anya kaka yangu fimbo.

"Tangulia kwa chifu," nikamwambia. "Nimeshaapa."