Siku ya Kufua, Ilivyoonekana Kutoka Angani

"Funga mdomo, fungua macho yote mawili," mchora ramani wa hifadhi alimwambia shangazi yake, akimsogezea lenzi pacha za kutazamia juu ya picha mbili kuukuu zilizopigwa kutoka kwenye ndege.

Shangazi aliinama huku akinung'unika. Miaka nenda miaka rudi ofisi hii ilimwambia pale kwao, ndani ya hifadhi, hapajawahi kukaa mtu, ni msitu tangu dunia iumbwe. Mama yake alikufa akiitwa mwongo kwa kusema aliishi pale.

Mara picha mbili zikawa moja, na ardhi ikainuka. Kilima kikaumuka, miti ikasimama wima. Akarudisha kichwa nyuma asichomwe na tawi.

"Mama yangu wee!"

"Taratibu, Shangazi. Huanguki."

Katikati ya miti palikuwa na mapaa, na uwanja uliofagiliwa ukang'aa.

"Na huo weupe kando ya nyumba?"

"Nguo. Mtu alikuwa amefua siku hiyo."

Shangazi aliinama zaidi, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kioo.

"Hiyo ramani yako ya msitu mtupu," akasema bila kuinua uso, "umeshaitia saini?"

"Bado."

"Bado, au umeufyata mkia?"

Mchora ramani aliivuta ile ramani, akafungua kalamu, akachora paa la kwanza.