Mtu wa Tatu kwenye Mstari

Katika kampuni ile ya sinema, wagombea wa bodi husimama wakitazama pazia, na wanahisa hujipanga nyuma ya yule wamtakaye. Mwenyekiti, Bi Mwatumu, alisikia viatu vikiburuzwa, asijue vinaelekea kwake au kwa Shebughe, mwanahisa mpya aliyepania kuiteka bodi ili jumba hilo la sinema ligeuzwe ghala la saruji.

"Geukeni!" karani aliamuru.

Mstari wa Bi Mwatumu ulikuwa umevuka mlango hadi barabarani. Alishusha pumzi ndefu, machozi yakimlengalenga.

Shebughe alimkodolea macho mtu wa tatu kwenye mstari huo.

"Mama! Hata wewe?"

"Baba yako alinichumbia humu, mwanangu. Kiti cha nyuma kabisa, pale pembeni."

Shebughe aligeuza shingo polepole, akakitafuta kiti hicho.