Leseni Iliyosikia Hodi

Hakuna kampuni ya kupeleka vifurushi inayonishinda mtaani hapa. Tuko wawili, pikipiki moja. Leseni yetu ya familia inaning'inia ukutani na kusikia kila neno. Asiyelala humu ndani haruhusiwi kubeba hata bahasha. Ikigundua uongo inajifuta, na pikipiki haiwaki tena. Nami nilimwandikisha Mbaruku, jirani yangu anayeendesha pikipiki, kuwa mwanangu.

Jana asubuhi akafika mlangoni. "Hodi!"

Leseni ikauliza, "Bi Mwanahawa, mtoto anabisha hodi kwao?"

"Ana adabu huyo, mwanangu," nikaiambia leseni.

"Haya. Mbaruku, choo chenu kiko wapi?"

"Kiko hapo!" akajibu Mbaruku kwa kujiamini, akionyesha jikoni, ambako maharage yangu yalikuwa yakitokota.