Mswada wa Mheshimiwa Tveit

Makofi yalipotulia, Mheshimiwa Tveit aliketi akihema. Alikuwa ameuponda vibaya mswada wa kufunga shule ndogo za mashambani. Watoto wa Dakota, alisema, hawatakaa ndani ya basi saa mbili nzima kwenye theluji yeye akiwa hai.

Mbunge mwenzake wa kiti cha kushoto akamwinamia. "Mzee wangu, umefanya nini? Si mswada wako huu?"

"Wangu? Acha utani, dada."

Dada akamsogezea karatasi ya mswada. Chini ya jina lake palikuwa na sahihi yake, ile T yenye mkia mrefu aliyoitia bungeni humo kwa miaka thelathini na moja. Aliipapasa kwa kidole. Hakukumbuka siku wala kalamu.

"Sema ulikuwa unatania," dada akanong'ona. "Watacheka, yataisha."

Kengele ya kura ikalia. Mezani palikuwa na vitufe viwili, cha kijani cha ndiyo na chekundu cha hapana. Tveit ni yupi, aliyeandika au aliyesema?

"Dada, niliposimama pale, nilisema uongo?"

Dada akatikisa kichwa. "Hapana, mzee."

Tveit akabonyeza chekundu.